Asiyekunywa Togwa

Kru.

Kimya. Halafu tena, taratibu: kru, kru, kama panya anayeguguna gunzi huku akisikiliza kama paka yuko karibu.

Sajenti Ikupa hakutikisika. Tangu saa kumi na nusu alfajiri alikuwa amekalia kinu kilicholazwa ndani ya jiko la Ketrina, pale Chapwa mjini Tunduma, mgongo ukutani. Jana jioni alikuta utepe wa polisi mlangoni umekatwa na kufungwa upya kwa fundo lile ambalo wanawake hufungia mzigo wa kuni. Basi kuna mtu alikuwa anaingia. Na mtu huyo sasa yuko ndani, hatua tatu kutoka kwake, anatafuna kitu gizani.

Akawasha tochi.

"Yesu wangu!"

Aliyeruka ni Felista, dada mkubwa wa Osea mwenye nyumba. Tumbo lake la miezi saba lilitangulia mbele. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha udongo mweupe, ule wa pemba wanaouza sokoni, kimeng'atwa nusu. Mkono wa kulia ulikumbatia sufuria kubwa ya kusubu, ile ya bati lililoyeyushwa.

"Afande, unataka nizalie humu jikoni?"

"Shikamoo, dada Felista. Utepe ule nani kakata?"

"Marahaba. Utepe gani?" Akautazama mlango kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Ah, huo. Mimi nimefuata pemba yangu. Nilisahau hapa juu ya dari la kuni. Mimba hii bila udongo hailali."

"Na sufuria? Nayo mimba inaitaka?"

Felista aliihamisha sufuria kutoka nyonga moja kwenda nyingine. "Sufuria ni yangu. Nilimpa Ketrina alipoolewa, mwezi wa nne. Sasa yeye yuko mahabusu, na wageni wanakuja kutupa pole ya mtoto. Niwapikie kwenye nini, kofia?"

"Iweke chini."

"Afande, yule aliyetia sumu mnaye kule. Mnamlisha. Mimi mwenye mtoto ndiye ninayeviziwa kama mwizi wa kuku?"

"Iweke chini, dada yangu. Na pemba hiyo nipe."

Felista aliweka sufuria chini kwa kishindo. Udongo aliutoa polepole, kama mtu anayetoa jino.

*

Mambo yenyewe yalianza siku tano kabla. Erica, binti wa Osea, umri miaka mitano, alianguka uani akapigwa na degedege. Hospitalini malaria haikuonekana. Daktari mmoja kijana hakuridhika. Alikuwa ameziona fizi za mtoto zina mstari wa rangi ya samawati, akapeleka damu kupimwa Mbeya. Majibu yalirudi na neno ambalo ukoo mzima haukuwa umelisikia likitajwa kwenye damu ya mtu: madini ya risasi, yaleyale ya kwenye betri za magari. Kipimo kilikuwa sabini na moja. Kwa mtoto, daktari alisema, wanaanza kuingiwa na wasiwasi ikifika tano.

Mama mzazi wa Erica alishafariki. Aliyekuwa akimpikia ni Ketrina, mama wa kambo, miaka ishirini na mbili, msichana wa Ikinga huko Ileje, asiye na ndugu hata mmoja Tunduma. Siku hiyohiyo Felista alikwenda kituoni akaandika maelezo kurasa mbili. Ketrina hampendi mtoto. Ketrina ndiye pekee anayeshika jiko. Ketrina alikuwa akimpa mtoto togwa, kinywaji cha nafaka kinachochachuka, iliyolala siku mbili kwenye sufuria, makusudi, ili sumu ikolee.

Kesho saa tatu Ketrina alikuwa apandishwe mahakamani.

Ikupa aliyajua yote hayo kwa moyo. Ambacho hakukijua ni sumu ilipitia wapi, na sumu isiyo na njia haimfungi mtu wala haimfungui.

*

Kulipokucha Tuntufye aliingia uani na pikipiki yake, vumbi la barabara ya Vwawa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtafiti wa afya ya mazingira, na Ikupa ndiye aliyemwita. Mgongoni alibeba sanduku jeusi, na ndani yake mashine yenye umbo la drili ya fundi seremala.

"Hii ndiyo hiyo?" Ikupa aliuliza. "Nilidhani itakuja na lori."

"Zamani ingekuja na lori, dada. Siku hizi unaielekeza kwenye kitu, unabonyeza, unahesabu hadi thelathini, inakuambia kuna metali gani ndani na kiasi gani. Ila usisimame mbele yake. Inatoa mionzi. Na wewe mama mjamzito, kaa kule kwa jirani."

"Mimi nimekaa hapa tangu babu yangu," alisema Felista, lakini akaondoka.

Walianza na pemba. Ikupa aliitilia shaka kuliko vyote, maana Felista mwenyewe alikiri kwamba Erica alikuwa akiiomba na yeye akimmegea. Tuntufye alibonyeza, akahesabu, akasoma.

"Ishirini na nane katika milioni. Haifai kula, lakini hii haiwezi kumfikisha mtu sabini na moja."

"Hata akila kila siku?"

"Angekula kichuguu kizima."

Wakapima manjano ya mchuzi, kwa sababu Tuntufye alisema kuna nchi za Asia watafiti walihangaika miaka, mwisho wakakuta risasi imo kwenye manjano ya kupikia, imetiwa ili rangi ing'ae. Haya ya Ketrina yalikuwa safi. Wakapima rangi ya mlango. Safi. Wakapima ovaroli ya Osea iliyokuwa ikining'inia kwenye kamba. Osea alikuwa fundi wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, anafungua betri kutwa nzima.

Mashine ikaonyesha mia tisa.

"Umempata," alisema Tuntufye.

Ikupa alitoa daftari lake akalifungua kwenye ukurasa wenye majina manne. Alikuwa ameomba familia yote wapimwe damu, na mkuu wake wa upelelezi, Afande Shadrack, alimcheka.

"Sikiliza. Erica, sabini na moja. Ketrina mwenyewe, thelathini na nane."

"Mtuhumiwa naye anayo?"

"Anayo. Felista anasema alikunywa kidogo ili kutuzuga. Haya. Felista, kumi na tisa. Osea, kumi na mbili."

Tuntufye akakuna kidevu. "Anayeshika betri ndiye mwenye kidogo kuliko wote."

"Ndiyo maana ovaroli siitaki. Kama ni vumbi la betri, yeye angeanza kuanguka. Natafuta kitu ambacho Erica anakipata sana, Ketrina anakipata, Osea hakipati." Akainua sauti. "Osea! Njoo, kaka."

Osea alitokea nyuma ya nyumba, macho mekundu ya kutolala. Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja siku hizi tano kama anapita mlango mfupi.

"Hapa nyumbani mkeo anapika nini ambacho wewe huli?"

"Mimi nakula kila kitu, afande. Ketrina anapika vizuri."

"Na kunywa?"

"Chai. Maji."

"Togwa?"

"Aa, togwa hapana. Nina vidonda vya tumbo. Kitu chochote kichachu nikinywa nalala chini kama ng'ombe. Wao ndio wanakunywa. Erica anakunywa asubuhi, mchana, anaondoka na kikombe kwenda kucheza. Wale Wazambia madereva wananicheka, wananiambia hata munkoyo, togwa ya kwao, siwezi."

Ikupa na Tuntufye wakatazamana.

"Inapikiwa kwenye chombo gani?"

Osea akanyoosha kidole kwenye ile sufuria kubwa iliyokuwa bado sakafuni. "Hiyo. Ya dada."

Tuntufye alipiga magoti, akaweka mdomo wa mashine kwenye kitako cha sufuria, akabonyeza. Akahesabu. Akasogeza ubavuni, akahesabu tena. Halafu akapima sufuria mbili ndogo nyembamba za dukani. Zilisoma karibu na sifuri.

"Hiyo kubwa?" Ikupa aliuliza.

"Elfu mbili na mia nne."

Aliifuta mashine kwa kitambaa kabla ya kuendelea. "Dada, hili jambo ni jipya hata kwetu. Miaka hii michache ndiyo watafiti wamezunguka masokoni, wananunua sufuria za kusubu, wanachemsha ndani yake maji yenye uchachu kidogo, halafu wanapima yale maji. Wakakuta risasi inatoka. Sufuria inapikiwa, haivuji, haibadiliki rangi, na inalisha watu sumu. Ugali unatoka na kidogo. Kitu kichachu kinatoka na nyingi. Kikilala humo siku mbili..."

Osea alikuwa amekaa chini.

Ikupa aliigeuza sufuria. Chini ya sikio moja palikuwa na nukta tatu, zimepigwa kwa msumari.

"Osea, dada yako aliinunua wapi?"

"Mbeya. Dukani. Aliitangaza mbele ya ukoo mzima siku ile, kwamba ameifuata Mbeya."

"Sufuria ya dukani haina nukta za msumari, kaka."

*

Nukta tatu hazikuwa siri. Mtu wa kwanza aliyeulizwa sokoni alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya maegesho ya malori. Huko Mzee Zabron alikuwa na tanuri lake, chungu cha chuma chekundu na mapipa mawili ya mchanga. Alimwona Ikupa akiwa na nguo za kiraia na sufuria kichwani, akatabasamu meno yote, akamsalimu kama Mzambia.

"Mwapoleni, mama! Umetoka Nakonde? Imetoboka? Tunaziba."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni wa hapahapa. Sajenti Ikupa, polisi."

Tabasamu likazimika. "Marahaba. Hiyo sufuria siijui."

"Sijakuuliza bado."

"Nimekusaidia."

Ikupa akaigeuza akamwonyesha nukta. Zabron akazitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta namna ya kumkana mtoto anayefanana naye.

"Ya kwangu," alisema mwisho.

"Unasubu kwa nini na nini?"

"Injini za malori. Pistoni. Radieta, nakata nzima nzima na lehemu zake. Vichwa vya betri."

"Vichwa vya betri ni vya nini, mzee?"

"Vinalainisha. Bati likiyeyuka, uji wake ukiwa mgumu hauingii vizuri kwenye kalibu ya mchanga, sufuria inatoka na mashimo. Ukitia vichwa viwili vitatu unateleza wenyewe. Baba yangu hakuwa anatia. Mimi niligundua mwenyewe." Alisema hivyo kwa majivuno, kisha akamtazama Ikupa usoni, na majivuno yakamtoka. "Kwani kuna nini?"

Ikupa alimwambia. Hakupunguza neno. Zabron alivua kofia yake.

"Mimi mwenyewe nyumbani napikiwa humo," alisema. "Na wajukuu."

"Kazi isimame leo. Mtafiti anakuja kupima, na wajukuu wapelekwe wakapimwe damu. Sasa niambie. Aliyenunua hii, unamkumbuka?"

"Felista. Alikuwa na haraka kabla ya Pasaka. Alitaka mbili zilizofanana, zitoke kwenye chungu kimoja. Moja ya kumpa wifi yake, moja ya kwake. Akaniomba nisipige nukta. Nikakataa. Kazi isiyo na alama si yangu."

"Kwa nini hakutaka nukta?"

"Bila nukta, watu wangejuaje kama ameitoa kwa Zabron au Mbeya?"

Ikupa alitembea hatua kumi, akasimama kando ya lori lililobeba shaba, akampigia Tuntufye. "Nenda kwa Felista. Mwombe sufuria yake kubwa, ile inayofanana na hii. Akikataa mwambie nakuja na hati."

Simu ilirudi baada ya robo saa.

"Hakukataa. Alikuwa anachemshia maharage. Elfu mbili na mia tatu, dada. Ni uji mmoja. Amekaa chini anashika tumbo, anauliza kama mtoto ni mzima."

"Mwambie aende kliniki sasa hivi. Asingoje kesho."

Basi Felista hakujua. Hakuna mtu anayejinunulia sumu ya kupikia maharage yake na mimba juu. Uongo wa Mbeya ulikuwa wa kujitukuza tu. Lakini Ikupa alipofunga simu, kile kitu kilichokuwa kikimkera tangu alfajiri kilikuwa bado palepale: Felista aliingia jiko la Ketrina gizani kana kwamba ni lake.

*

Afande Shadrack alisikiliza yote huku akisugua miwani.

"Vizuri. Sumu imetoka kwenye sufuria. Nakubali. Lakini soma maelezo ya Felista. 'Aliilaza togwa siku mbili, makusudi.' Kila mtu mtaani anapika togwa, anaihamishia kwenye ndoo, anafunika. Huyu kwa nini aiache kwenye chuma? Anajua kitu."

"Afande, mimi mwenyewe jana nilikuwa sijui."

"Mume wake ni fundi betri. Anaweza kujua. Muulize. Akikupa sababu, namwachia. Asipokupa, kesho saa tatu."

Ketrina aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu. Alikuwa mdogo kuliko maelezo ya kurasa mbili yalivyomfanya. Kabla ya kukaa aliuliza, "Erica amekula?"

"Amekula uji. Wameanza kumpa dawa ya kuvuta yale madini, degedege limekoma. Daktari anasema watoto wengi wanarudi vizuri kile kinachowadhuru kikiondolewa mapema. Kaa, mdogo wangu."

Ketrina akakaa, akafunika uso kwa viganja, akavitoa.

"Togwa uliipikia kwenye sufuria ya wifi."

"Ndiyo."

"Ikalala humohumo siku mbili."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuitia kwenye ndoo?"

Ketrina akatazama meza.

"Ndoo ulikuwa nayo?"

"Ninayo. Nilitoka nayo kwetu."

"Sasa?"

"Afande, nimekuja kwenye ukoo wa watu. Mambo ya wifi siyasemi polisi."

"Kuna mambo ya wifi, basi."

"Sijasema."

"Ketrina, kesho hakimu hatakuuliza mara tatu kama mimi."

Msichana alikunja pindo la khanga, akalikunjua. "Nikisema, nitatoka hapa. Halafu nitarudi wapi? Nyumba ile ni ya kwao. Erica ni wa kwao. Watanirudisha Ikinga, na mtoto atabaki na nani?" Akasimama, akasubiri arudishwe mahabusu.

Mlangoni, Shadrack alikuwa ameegemea. "Umeona? Hana sababu."

"Anayo. Nipe hadi jioni."

*

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda nane na harufu ya dawa na uji wa ulezi. Erica alikuwa kitanda cha dirishani, nywele zimenyolewa upande mmoja walipotafuta mshipa, kikombe cha plastiki mikononi. Muuguzi Eva alisimama upande wa kichwani, na afisa ustawi wa jamii kwenye kiti. Ikupa alikuwa amewaita wote wawili ili maneno ya mtoto yasije yakakataliwa kesho.

Felista alikuwepo pia, ametoka kliniki moja kwa moja, plasta ya kutolea damu bado mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nimekosa kwa sufuria," alisema kabla ya kuulizwa. "Nimekosa pia kusema Mbeya. Nilitaka waone nimempa wifi kitu cha maana. Lakini ile togwa kuilaza siku mbili, mimi simo. Jiko lile tangu ameolewa sijaligusa. Andika hivyo."

"Hujaligusa kabisa?"

"Mimi na jiko la mtu wapi na wapi? Sufuria ya wifi inapikiwa ionekane, basi. Mke akipika kwenye chombo cha dada wa mumewe na watu wakiingia wakakiona jikoni, dada ameheshimiwa. Akikificha, amemtukana. Kila mtu anajua. Lakini togwa yake aliiweka anavyojua mwenyewe."

"Akiihamishia kwenye ndoo, sufuria ikabaki tupu pembeni, hiyo ni kuificha?"

"Sikusema hivyo."

"Nakuuliza."

"Afande, unanizungusha."

Ikupa aliacha hapo. Akavuta kigoda akakaa chini, macho yake usawa na ya mtoto.

"Erica. Mimi naitwa mama Ikupa. Uji mtamu?"

Mtoto akatikisa kichwa kwamba hapana. Eva akacheka kidogo.

"Hauna sukari?"

Akatikisa kwamba ndiyo, hauna.

"Unapenda nini wewe?"

Midomo ilisogea bila sauti.

"Togwa," alinong'ona Eva, akitafsiri midomo.

"Kumbe. Basi nieleze, maana mimi sijui kupika togwa. Mama Ketrina akishaipika, ikipoa, inakwenda wapi?"

"Msimwekee maneno mdomoni," alisema Felista.

"Dada Felista, tafadhali," alisema yule afisa ustawi, kalamu juu ya karatasi.

Erica alimtazama shangazi yake, akamtazama Ikupa, akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemtegemea aingie. Kikombe alikiweka juu ya godoro kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kisimwagike.

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti, vitanda vyote vikasikia:

"Mama aliiweka kwenye ndoo, shangazi akairudisha kwenye sufuria."